Siku nane Uzbekistan kwa kundi la watu 16: ratiba inabana wapi

Swali: Assalaam aleykum. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akiba hapa Tanga. Tuko 16, wengi akina mama wa miaka 50 hadi 70, na tumechanga muda mrefu ili Oktoba twende Uzbekistan tuone Samarkand, Bukhara na Khiva, na tumzuru Imam Bukhari. Wakala ametupa ratiba hii: siku ya 1 kufika Tashkent, ya 2 treni hadi Samarkand, ya 3 Shahrisabz kwenda na kurudi, ya 4 basi hadi Bukhara, ya 5 basi hadi Khiva, ya 6 Khiva, ya 7 kurudi Tashkent, ya 8 kuondoka. Anataka arubuni mwezi huu. Je, ratiba inafaa? Tumuulize nini kabla hatujalipa?

Jibu: Waaleykum salaam, Bi Katibu. Ratiba hii si ya kitapeli. Miji iliyomo ndiyo inayotembelewa na karibu kila kundi, na Oktoba mmechagua vizuri, kwani joto la Julai kule hupita nyuzi 40 na Januari kuna barafu. Kasoro iko kwenye mpangilio. Msiihesabu kwa siku, ihesabuni kwa saa za mchana.

Tuanze na Bukhara. Kutoka Samarkand ni kama kilomita 270, na kwa basi ni saa nne na nusu hadi tano pamoja na kusimama. Mkitoka saa 3 asubuhi mnafika saa 8 mchana au zaidi. Kuna kugawana vyumba, kuna kula, kuna kuswali, na jua la Oktoba linazama saa 12 jioni na dakika chache. Kesho yake saa 2 asubuhi basi linawasha injini kwenda Khiva. Kwa hiyo mji ambao mngeweza kukaa siku mbili mkizunguka bila kuchoka umepewa saa mbili au tatu, nanyi mkiwa na usingizi.

Kisha kuna siku ya 7: "kurudi Tashkent". Kwa chombo gani? Khiva na Tashkent zimeachana takriban kilomita 1,000. Ndege ya kutoka Urgench, mji wenye uwanja ulio kama kilomita 35 kutoka Khiva, huchukua saa moja na nusu. Treni ya kawaida hula usiku kucha na saa kadhaa za mchana juu yake. Wakala asiyetaja chombo kwenye mstari huo bado hajakihesabu kwenye bei, au amehesabu kile cha bei rahisi. Tena, kukaa mwisho wa nchi siku moja kabla ya ndege ya kimataifa ni kamari: ndege ya ndani ikiahirishwa kidogo tu, watu 16 wamepoteza tiketi za kurudi nyumbani.

Mwambieni aigeuze safari, aanzie mbali. Mfike Tashkent, mlale. Asubuhi ya siku ya 2 mpande ndege ya Urgench na kufikia saa za mchana mko ndani ya kuta za Khiva. Siku ya 3 ni ya barabara, Khiva hadi Bukhara. Siku ya 4 yote Bukhara, na asubuhi ya siku ya 5 pia. Alasiri treni hadi Samarkand. Siku ya 6 Samarkand. Siku ya 7 asubuhi ziara ya Imam Bukhari, jioni treni hadi Tashkent. Siku ya 8 mnatembea Tashkent na usiku mnaondoka. Hapo mzigo mzito mmeutua mapema miguu ikiwa bado mizima, na kuanzia Bukhara mnakwenda kwa reli mkizidi kuukaribia uwanja wa ndege.

Shahrisabz nimeitoa, na nasimama kwenye hilo. Ndiko alikozaliwa Timur, yule mtawala mshindi wa karne ya 14, na mabaki ya lango la kasri lake la Ak-Saray, lililoanza kujengwa 1380, ni makubwa kweli. Lakini ni kilomita 90 kutoka Samarkand kwa kupita mlima wa Takhtakaracha wenye kimo cha karibu mita 1,800. Mabasi makubwa hayapandi huko, kwa hiyo kundi hugawanywa kwenye magari madogo na siku nzima inakwisha. UNESCO yenyewe iliuingiza mji huo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, kwa sababu mitaa ya zamani ilibomolewa ili kutengeneza bustani pana ya watalii. Mkipata siku ya tisa, nendeni. Kwa siku nane, hapana.

Sasa hiyo siku ya barabara. Khiva hadi Bukhara ni kama kilomita 450, sehemu kubwa ni jangwa la Qizilqum. Wekeni saa 7 hadi 8. Hakuna cha kuona kwa muda mrefu ila mchanga, vichaka na malori, na mahali fulani mto Amu Darya upande wa kulia wenu. Chakula cha mchana ni kwenye mgahawa wa njiani, choyxona, ambako vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Kwa wenye magoti mabovu hili si jambo dogo, kwa hiyo mwambieni wakala mapema mnataka kituo chenye angalau choo kimoja cha kukalia. Kila mtu abebe tishu zake na noti ndogo ndogo, maana choo hulipiwa na mlinzi hana chenji. Kuhusu gari, watu 16 na mabegi 16 hawaenei kwenye kosta yenye viti 18. Viti vinaenea, mabegi ndiyo yanayopandishwa kwenye korido na miguuni. Dai gari la viti 25 au zaidi, na idadi hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Treni ndiyo inayowaangusha wengi. Treni ya mwendokasi inaitwa Afrosiyob. Ilianza 2011 kati ya Tashkent na Samarkand, na 2016 ikafika Bukhara. Samarkand hadi Tashkent ni saa mbili na dakika chache, Bukhara hadi Samarkand ni saa moja na nusu hivi. Ni safi na inafika kwa wakati, na kwa sababu hiyo Oktoba inajaa. Tiketi hufunguliwa wiki chache tu kabla ya safari, na makundi huzifagia siku ile ile. Kwa hiyo wakala akikwambia leo kwamba tiketi "zimeshakatwa", muulize zimekatwaje ilhali mauzo hayajafunguliwa. Jibu la kweli ni kwamba atazikata siku zitakapofunguliwa, na kama Afrosiyob itajaa mtapanda ile ya kawaida inayoitwa Sharq, yenye mwendo wa polepole lakini inayofika. Mkubaliane sasa kwamba tofauti ya nauli mtarudishiwa.

Tiketi hufungwa na namba ya pasipoti. Stesheni hukaguliwa mara mbili, langoni na mlangoni mwa behewa, na mabegi hupita kwenye mashine. Mfike dakika 45 kabla. Saa kwenye tiketi zimeandikwa kwa mtindo wa 24, yaani 08:00 ni saa 2 asubuhi yetu, na kule wako mbele ya Tanga kwa saa mbili. Yuko mtu hufanya hesabu ya pili akasahau ya kwanza. Kumbukeni pia kwamba stesheni ya Bukhara haipo Bukhara. Iko Kogon, kilomita 12 hivi nje. Gari la kuwapeleka liwe kwenye bei.

Ndani ya mji mkongwe wa Bukhara magari hayaingii. Hoteli nzuri huko ni nyumba za zamani za wafanyabiashara, zenye ua katikati, nguzo za mbao na dari zilizochorwa, nazo karibu zote hazina lifti. Begi la kilo 23 mtaliburuza kwenye matofali kwa mita mia mbili au tatu, kisha ngazi zilizosimama wima. Omba vyumba vya chini kwa watu watano au sita mnaowajua kwa majina, si "kama vitapatikana". Faida yake ni kwamba mkitoka mlangoni mmeshafika. Bwawa la Labi Hovuz la mwaka 1620 na miti yake ya mforsadi liko hatua chache, na masoko yenye makuba, ambamo zamani waliketi wabadili fedha, washona kofia na masonara, yamefuatana kwenye njia moja hadi kwenye mnara wa Kalon.

Mnara huo muupe muda. Ulijengwa 1127, una kimo cha kama mita 46, na ni matofali matupu: hakuna rangi ila ukanda mmoja mwembamba wa vigae vya buluu karibu na kichwa. Sogeeni hadi chini yake. Mtaona umezungushiwa mikanda, na kila mkanda matofali yamepangwa kwa nakshi tofauti na jirani yake, wima, mlalo, mshazari, kama mistari ya mkeka wa ukindu. Chengiz Khan aliuteketeza mji mwaka 1220, mnara ukabaki. Madrasa ya Mir-i Arab iliyo ng'ambo ya uwanja bado ina wanafunzi, kwa hiyo watalii huishia ukumbi wa mlangoni. Msimlaumu mwongoza watalii. Jioni baada ya magharibi rudini wenyewe bila kundi. Ndiyo saa bora ya mahali hapo.

Samarkand ni mji mkubwa wa leo ambao majengo ya kale yametawanyika ndani yake, tofauti na Khiva iliyofungwa yote ndani ya ukuta wa kama kilomita mbili. Hapa basi linahitajika. Registan, uwanja mkuu wa kale, una madrasa tatu. Ya Ulugh Beg, mjukuu wa Timur aliyetawala hapo na kuchunguza nyota, ilijengwa 1417 hadi 1420, iko magharibi ikitazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi ndilo linaloiwakia. Sher-Dor ya karne ya 17 inaitazama uso kwa uso na hung'aa alasiri. Wakala akiweka Registan saa 6 mchana mmekosa zote mbili. Ingieni Tilya-Kori, ile ya katikati, na mtazame juu kwenye dari ya msikiti wake wa dhahabu. Utaapa ni kuba limeingia ndani. Ni dari bapa. Nakshi zinapungua ukubwa kadiri zinavyokaribia kitovu, na jicho linadanganyika.

Shahi Zinda, mtaa wa makaburi unaonasibishwa na Kutham bin Abbas, binamu yake Mtume, una ngazi zipatazo 40 za kupanda, zisizolingana kimo. Wasioweza wabaki chini, langoni pana vivuli. Kwenye mabaki ya kituo cha nyota cha Ulugh Beg kinachoonekana ni mfereji wa mawe uliozama ardhini, sehemu ya chombo cha kupimia chenye nusu kipenyo cha kama mita 40. Kabla hamjaingia, mwongozaji awaeleze kwamba kwa chombo hicho waliandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 mwaka 1437, bila darubini. La sivyo wengi watatoka wakiuliza tumeletwa kuona shimo.

Kuhusu Imam Bukhari: alizaliwa Bukhara mwaka 810, lakini alifariki 870 katika kijiji cha Khartang, na kaburi lake liko huko, kama kilomita 25 kaskazini ya Samarkand. Kuna makundi huishia kumtafuta Bukhara. Eneo limejengwa upya kwa ukubwa miaka ya karibuni, hivyo muulizeni wakala kundi linaruhusiwa kufika wapi kwa tarehe zenu, na mtenge asubuhi nzima. Wenyeji hukaa vibarazani, imamu akasoma aya chache, mikono ikainuliwa, wakaondoka. Kuinama na kugusa kaburi kunakatazwa, na walinzi hukumbusha. Akina mama wawe na mtandio na viatu vya kuvua upesi. Jambo moja litakalowachanganya: wao ni wa madhehebu ya Hanafi, na alasiri yao huingia karibu saa moja baada ya yetu sisi wa Shafii. Mkisubiri jamaa ya alasiri msikitini mtachelewesha basi, kwa hiyo kubalianeni mapema. Tena misikiti mingi haina sehemu ya wanawake. Mwongozaji aulizie kabla, asiulizie mlangoni. Mkiwa Bukhara, kaburi la Bahauddin Naqshband, shekhe wa tarika ya Naqshbandiya, ni kilomita 12 tu nje ya mji, na kunaingia bila shida kwenye asubuhi ya siku ya 5.

Lugha ya mwongozaji inahitaji kufikiriwa kuliko mnavyodhani. Wenye leseni wanaozungumza Kiingereza ni wengi, wa Kiarabu wapo, wa Kiswahili msitegemee. Kama mmoja wenu atatafsiri, kila maelezo yanasemwa mara mbili, na ratiba ya vituo vinne kabla ya chakula inakuwa ya viwili. Msiongeze saa, punguzeni vituo. Mtafsiri awe na mwenzake wa kupokezana, maana siku ya tatu sauti hukauka. Ulizeni pia kama mwongozaji ni mmoja safari nzima au kila mji na wake. Mmoja anawajua kina mama na maradhi yao. Wa kila mji anajua mji wake zaidi. Kwa kundi la umri wenu ningechukua mmoja.

Huku mkiwa hamna lugha, masikio yenu yatawasaidia. Kitabu wanaita kitob, daftari ni daftar, kalamu ni qalam, dunia ni dunyo, chai ni choy. Ukitaka bili sema "hisob". Asante ni "rahmat". Tanuri ni tandir, na hapo ndipo mkate wao, non, unapobandikwa ukutani kwa mkono baada ya katikati yake kuchomwa-chomwa kwa muhuri wa misumari ili usifure. Wa Samarkand ni mzito, unang'aa na unakaa siku nyingi. Nunueni wa kula njiani. Usiulaze kifudifudi mezani, wataugeuza wenyewe.

Pilau ni palov, au osh. Msitegemee harufu ya kwetu: hakuna mdalasini, iliki wala karafuu, ila jira (wao zira), karoti za njano zilizokatwa vijiti, nyama ya kondoo, na mafuta mengi pamoja na ya mkia. Hupikwa mara moja kwa siku kwa ajili ya mchana, na ikifika saa 8 sufuria tupu. Wakala akiandika osh kwa chakula cha jioni, mtapewa iliyopashwa moto. Tumbo lisilozoea mafuta hayo huharibika, kwa hiyo siku ya kwanza mle kidogo mkishushia chai ya kijani ya moto. Maji ya bomba msinywe. Kuna mahali huuza nyama ya farasi, qazi, na pombe iko kwenye migahawa mingi. Mkitaka meza isiyo na pombe iandikwe kwenye oda.

Dawa ni suala zito kwa umri wenu. Za presha na sukari zibaki kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza, na ziwe kwenye begi la mkononi. Zenye kodeini, tramadoli na za usingizi kama diazepamu zinadhibitiwa vikali. Mtu akikutwa nazo bila cheti anaweza kushtakiwa. Droni msibebe kabisa. Kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 50 hakitoki nchini bila kibali, kwa hiyo mkinunua zulia linalosemekana la bibi, ama muuzaji awape kibali ama mliache.

Fedha: dola za karatasi ziwe mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa. Dola 1 ni soum (fedha yao) 12,000 na ushei, hivyo msishtuke mkiona bili ya laki tano. Soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Plagi zetu za pini tatu haziingii, leteni adapta.

Viza ndiyo ianze kabla ya arubuni. Fungueni wenyewe tovuti ya serikali, e-visa.gov.uz, mchague uraia wenu. Kwa nchi zilizomo, viza ya kuingia mara moja ni dola 20. Uraia usiokuwemo huhitaji barua ya mwaliko inayoombwa na kampuni mwenyeji kupitia wizara yao ya mambo ya nje, na huchukua wiki kadhaa. Kwa hali yoyote, mkataba useme arubuni inarudi kama viza itakataliwa, na uweke kiwango. Uandikwe pia jina na mtaa wa kila hoteli, kama viingilio vimo (Khiva kuna tiketi moja ya makumbusho mengi, lakini mnara wa Islam Khoja na kaburi la Pahlavon Mahmud hulipiwa pembeni), na nyongeza ya anayelala peke yake.

Na wiki hii kusanyeni nakala za pasipoti zote 16. Angalieni ziwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kurudi, na jina la ukoo liwe mahali pake. Majina matatu yetu hugeuzwa mara nyingi na anayeandika oda, la babu likawa la katikati na la mtu mwenyewe likawa la mwisho. Mwenye pasipoti inayokaribia kuisha aifanyie mpya sasa hivi, kabla ya viza na kabla ya treni, kwa sababu namba ikibadilika vyote viwili vinaanza upya.